Shimo la Ndizi na Ndege ya Toronto

Tata, baba yangu, aliniuliza swali moja akiwa ndani ya shimo, udongo umemfika kiunoni, na mimi nimekaa ukingoni nikipokea ndoo. Alitaka kujua ndege hutumia muda gani kutoka Toronto mpaka huku. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikatoa simu, nikainyoosha juu kuelekea upande wa Nkwenda kama tunavyofanya sote pale kijijini Kibingo tukitafuta mtandao.

Ikajibu. Toronto mpaka Addis Ababa, ndege isiyotua popote, saa kumi na tatu hivi. Umbali wake ni kilomita elfu kumi na moja na ushee.

"Mchana mmoja na kipande," Tata alisema, akaegemea jembe.

"Hizo ni za angani tu, Tata."

"Na mimi nimeuliza za angani. Huku chini napajua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mtu asije akanisingizia. Aliniomba anga, nikampa anga.

Aliyekuwa anakuja ni kaka yangu. Alikwenda Toronto kusoma akiwa kijana mwembamba wa shati moja zuri, akapata kazi, akapata mke, akapata binti, na kila alichopata kilimfunga huko kamba nyingine. Binti alikuwa ameingia mwaka wake wa sita na hajawahi kuikanyaga Kyerwa. Mama yetu alikufa bila kumwona, na amelala palepale kwenye kibanja, shamba letu la migomba, upande wa mibuni. Sasa kaka alikuwa amepata likizo fupi, mke amebaki kazini, na wao wawili wanakuja. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Nashona sare za wanafunzi kibarazani, nampikia Tata, na tunagombana kidogo kila siku ili siku isipite bure.

Shimo lile lilikuwa la kuivishia ndizi. Nyumbani kwetu kuna jambo ambalo babu yake Tata alilikuta na sisi tumelikuta: mtoto wa ukoo aliyezaliwa mbali haingii ndani ya nyumba kabla babu yake hajamnywesha mramba kwa mkono wake mwenyewe. Mramba ni maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa siku hiyo, kabla hayajachachuka yakawa pombe. Na lazima ndizi ziwe za kibanja hicho, si za jirani wala za sokoni. Mgeni anapewa kahawa ya kutafuna, punje chache kwenye kitambaa kisafi, na ni heshima kubwa. Lakini mtoto wa nyumbani akipewa kahawa mlangoni, amekwisha kuhesabiwa mgeni. Watu wengine hapa hawana desturi hiyo na wanaishi vizuri tu. Kwa Tata ilikuwa kama ubatizo.

Tatizo ni kwamba ndizi zenyewe zilikuwa zimekwisha. Ugonjwa wa mnyauko uliipitia migomba yetu ya embiire, zile ndizi za kukamulia, tukaing'oa na kuifukia shina kwa shina. Ilisalia michache kwenye kona ya chini, na juu yake mikungu mitatu iliyokomaa. Mingine ingechukua miezi mingi, na kaka angekuwa amerudi zamani. Kwa hiyo lilikuwa shimo moja, na mramba mmoja. Ukiharibika, mtoto atakanyaga kizingiti kama mgeni, na Tata hakuwa na hakika kama atakuwepo safari nyingine.

"Mjukuu wangu simkaribishi kwa kahawa," alisema, akapanda kutoka shimoni akinishika bega.

Ndizi za shimoni haziharakishwi wala hazisubirishwi. Unachoma majani makavu ndani ya shimo mpaka udongo upate joto, unatandika majani mabichi, unapanga ndizi, unafunika, unarudishia udongo. Zinakaa siku zao. Ukifukua mapema ni ngumu na hazina maji. Ukichelewa zinalainika, na unapozikamua hupati kitu ila uji mzito unaoshikana na nyasi. Kwa hiyo mtu anayefukia ndizi lazima ajue siku ya mgeni wake. Tata alikaa juu ya shina la mgomba lililolala akapiga mahesabu. Kaka alisema wanaondoka Jumamosi asubuhi. Ukiongeza mchana mmoja na kipande, na usiku wa kupumzika, ni Jumapili. Akafukia ndizi ziive Jumapili. Nilimsikia akihesabu na nilijua kuna Dar es Salaam katikati, kuna Mwanza, kuna Bukoba, lakini alikuwa anafurahi, na mimi siku zile nilikuwa natembea kama mtu aliyelala nusu. Nikaacha.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha kidogo. Asubuhi Tata alivaa shati lililopigwa pasi, akatoka uani akatazama juu.

"Sasa wako angani."

"Bado, Tata. Kule bado ni usiku. Wamelala."

Alilitazama jua lililokuwa limetokeza juu ya migomba. "Jua hili hili?"

"Hili hili."

"Basi tunalitumia sisi kwanza, ndipo linawafikia wao."

Sijui kwa nini jambo hilo lilimfurahisha kiasi kile. Siku nzima alikuwa akilichungulia jua likipanda na likishuka, kama mtu aliyempa msafiri salamu azipeleke. Nilipomletea chai aliniambia kwamba sasa lazima linachungulia dirisha la mtoto. Nilicheka. Halafu nikarudi kwenye cherehani, nikashona suruali ya mtoto wa darasa la kwanza, na nikajikuta nimeshona mguu mmoja kwa mwingine. Nilikuwa huko, kwenye dirisha hilo, nimesimama nje bila kujua nimefikaje.

Jua lilipozama kwetu, ndege ikaruka kwao. Kaka alinielekeza jinsi ya kuifuata kwenye simu, na pale kwenye kioo kikawa kimetokea kindege cha manjano, kidogo kuliko punje ya mahindi, kimeelekeza pua upande wetu. Tulikaa kwenye benchi la nje. Tata haoni vizuri vitu vidogo, kwa hiyo mimi nikawa macho.

"Chini yao kuna nini?"

"Miti. Na maziwa, maziwa mengi."

"Kama ziwa letu?"

"Madogomadogo."

Moshi wa jikoni kwa majirani ulikuwa umelala bondeni. Akauliza tena chini kuna nini.

"Bahari sasa."

Nikageuza maharage motoni nikarudi.

"Na sasa?"

"Bahari bado."

"Mwambie kaka yako amfunike mtoto," alisema, na hakuwa anatania. Nami sikumcheka, kwa sababu nilikuwa nawaza jambo hilohilo. Kindege hakikuonekana kwenda. Ukikitazama kimesimama, ukiondoa macho ukarudisha kimesogea upana wa ukucha. Nilimwambia Tata kwamba huo upana wa ukucha ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka Dar. Akasema basi wenye kucha ndefu wanafika haraka. Tukala, akaenda kulala.

Nami nililala simu ikiwa mkononi, na nikaota kibanja chetu kimekuwa bahari. Majani ya migomba yalikuwa yanapanda na kushuka, na mimi natembea juu yake, hayazami. Ndege ikapita juu kwa sauti ya nyuki. Kaka yuko dirishani na uso wake wa shule, na chunusi zake zote. Nikamwita. Sauti yangu ikatoka, nikaiona inakwenda polepole hewani, na nikajua ndani ya ndoto kwamba itamfikia baada ya saa kumi na tatu, atakapokuwa amekwisha kupita. Niliamka nalia bila huzuni yoyote. Ni kilio cha usingizi tu, kinatokea.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeziba bonde lote, vilele vya vilima peke yake vimechomoza. Tata alikuwa benchini tayari.

"Wako wapi?"

Niliwasha simu. "Sudani. Chini ni jangwa."

"Watakuwa na kiu," akasema. Akaenda kwenye shimo, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo kuona joto lake.

Wivu ulinishika hapo, sitaficha. Mimi niliyebaki hakuna aliyewahi kunifukia ndizi. Nilipoachika nikarudi na sanduku langu, nilipewa ufunguo wa jikoni na jembe. Nilimtazama mzee yule amepiga magoti kwenye matope na shati lake la pasi, nikamkasirikia. Halafu ukungu ukaanza kuondoka, nikaona kiganja chake kilivyolala juu ya udongo kama juu ya paji la mtoto mwenye homa, na hasira ikaniisha. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Simu ya kaka ikaja saa nne. Wametua Addis Ababa wamechelewa, na ndege ya Dar es Salaam imeondoka bila wao. Wamepewa nyingine ya kesho yake. Mtoto amelala juu ya mabegi. Nilipomweleza Tata, aliuliza mara mbili, kwa upole, kama ndege iliyowaacha haiwezi kurudi kuwachukua.

"Haiwezi, Tata."

"Hata mchomoko hurudi," akasema. Michomoko ni zile gari ndogo zinazobeba abiria njia ya Omurushaka, na ni kweli, dereva akikusahau hugeuza. "Hizo saa zako kumi na tatu hazikusema kuhusu hili."

"Hazikuulizwa."

Alikwenda akafukua pembe moja ya shimo. Ndizi zilikuwa zimegeuka manjano safi, zinanukia mpaka uani. Zilikuwa tayari siku ileile aliyoipanga, na waliopangiwa hawapo. Akazitoa zote moja moja kwa mikono miwili, akazitandaza juu ya majani mabichi mahali penye kivuli kizito na ubaridi, akazifunika kwa majani yenye umande. Baada ya hapo kila mara nilimkuta kwenye kivuli kile, akigusa ndizi kwa ncha ya kidole.

Jumatatu walifika Dar es Salaam, wakapanda ndege ya kwetu. Ikatua Mwanza, na Bukoba ikasemekana ziwa limefunikwa na mawingu, ndege haiwezi kutua. Wakalala Mwanza. Tata alikaa benchini. Alitafuna kahawa, akatema maganda, akatazama vilima vya upande wa Karagwe.

"Bahari yote ile waliivuka wakiwa wamekaa," alisema mwishowe. "Sasa wameingia nyumbani, ndipo kila kitu kinawakamata miguu."

Jumanne asubuhi kaka akapiga simu akiwa Bukoba. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameanza kusema Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, bila kujijua. Wamepata gari, wanaondoka sasa hivi, mchana watakuwa wamefika. Tata alisikia sauti ikitoka kwenye simu kabla sijamweleza, na tayari alikuwa anaburuta mtumbwi wa kukamulia kutoka nyuma ya jiko.

Nilikata nyasi, yeye akamenya. Ndizi zilikuwa zimevuka siku zao. Maganda yalikuwa na madoadoa meusi na yalivuliwa kwa kuguswa tu. Alizipanga ndani ya gogo lile lililochongwa, akatia nyasi, akaanza kuzikanda kwa viganja. Kawaida kazi hiyo hufanywa na vijana kwa miguu, lakini alikataa nisiite mtu. Kwa muda mrefu hakikutoka chochote. Ulikuwa uji tu, mzito, wa rangi ya udongo, unapanda mpaka viwikoni. Alikanda. Akaongeza nyasi, akakanda. Jasho lilimdondoka puani likaingia humo. Nilitaka kumwambia aache, kwamba mtoto ni mtoto hata akipewa chai, lakini nikamsogezea nyasi nyingine, kwa sababu nilijua akiacha ataacha na mengine.

Halafu povu likaanza, jeupe, dogo, pembeni mwa gogo. Akainamisha gogo upande. Chini ya nyasi kukajikusanya kitu kinachong'aa.

"Leta kibuyu," alisema. Sauti yake haikusikika vizuri.

Mikungu mitatu ilitoa kibuyu kimoja kidogo, na hakikujaa. Nilionja tone lililobaki kwenye kidole changu. Ulikuwa mtamu wa kufumbisha macho.

Tata alioga, akavaa, akaketi na kibuyu magotini chini ya mgomba uliokuwa unapulizwa na upepo. Mchana ukafika. Jua likapita utosini. Simu ikalia: wako Kihanga, na hawasogei. Lori la magunia limeteleza mlimani kwa sababu ya mvua, limelala katikati ya barabara, magari yamepangana pande zote mbili. Watu wanasema mpaka jioni, wengine wanasema kesho.

Tata aliweka sikio kwenye kibuyu. Nikaweka na langu. Ndani kulikuwa na sauti ndogo sana ya kupasukapasuka, kama mvua inayoanza mbali. Mramba ulikuwa umeanza kuchachuka. Mpaka jioni utakuwa pombe, na pombe hanyweshwi mtoto.

"Kihanga," Tata alisema.

"Ni mbali, Tata."

"Wao wametoka Toronto." Alikuwa amekwisha kusimama. "Niitie bodaboda."

Tulipanda pikipiki mbili mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo tukapata mchomoko. Tata alikaa mbele, kibuyu amekipakata, kizibo cha jani la mgomba amekishika kwa kidole gumba. Safari yote ile naikumbuka kama kitu nilichokiona kwenye maji. Vibanja vilipita, vya kijani kibichi kisha cheusi, mabati yaliyoloa yanang'aa, kahawa imeanikwa kwenye mikeka na watu wanaikimbilia kuifunika, kisha jua tena. Kila gari lilipotikisika, Tata alikinyanyua kibuyu hewani kidogo, akakishusha. Nilikuwa naomba Mungu, na sikuwa na hakika naomba nini: barabara ifupike au ndizi zingoje.

Tulipofika kwenye mstari wa magari, dereva akasimama, hakukuwa na pa kupita. Tukashuka tukatembea. Upande wetu magari yalikuwa mengi, kisha likaja lori lenyewe, limelala ubavu, vijana wanashusha magunia wakiimba. Tulipita kandokando ya mtaro, mimi nimemshika Tata kiwiko, yeye amekishika kibuyu.

Upande wa pili alikuwapo mwanaume mnene amevaa kofia, amesimama nje ya gari na simu sikioni. Nilimpita. Nilikuwa namtafuta yule mwembamba. Ni Tata aliyesimama, yeye asiyeona punje ya mahindi kwenye kioo, akasema jina la utotoni la kaka yangu. Mwanaume yule akaishusha simu. Uso wake ulikunjika wote kwa pamoja, akaja akapiga magoti barabarani kwenye lami iliyoloa, na Tata akaweka mkono juu ya ile kofia.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Yuko wapi?"

Alikuwa amekaa juu ya sanduku, nyuma ya gari, na viatu vya mvua vyenye maua. Alikuwa amechoka mpaka amekasirika. Alituangalia mmoja mmoja kama watu wa kituo kingine tu. Kaka alimwambia huyu ndiye babu. Akasema "Shikamoo" kwa sauti ya kusukumwa, na macho ameyateremsha.

Tata akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Akatoa kizibo. Kibuyu kilitoa pumzi, *fyuu*, kama kibuyu cha pombe. Alimimina kidogo kwenye kiganja akaonja yeye kwanza. Alifumba macho. Kaka alikuwa ameelewa, akavua kofia.

"Bado mramba," Tata alisema.

Akamimina tena, akakikunja kiganja kikawa bakuli, akakisogeza mdomoni kwa mtoto. Mtoto alimtazama baba yake, akatazama kiganja kile chenye mipasuko ya jembe, akakishika kwa mikono yake yote miwili, akanywa. Akalamba. Akakivuta tena kiganja kitupu kuona kama kuna kingine, na Tata akamimina kingine, na kingine, unamtiririka mpaka kwenye viatu vyenye maua, na kaka yangu anajifuta uso kwa ile kofia.

Aliposhiba alishusha pumzi, akatazama lori, akatazama magari, akatazama mlima. Baba yake aliniambia baadaye kwamba swali alilouliza hapo alikuwa amemuuliza kila mtu kila walipotua.

"Babu, bado mbali?"

Tata alikuwa angali amechuchumaa, mkono unamdondoka mramba.

"Umeshafika, mama," alimwambia. "Imebaki barabara tu."